Sauti Isiwe Mlango Pekee: Viziwi na Vifaa vya Kuamrishwa kwa Sauti

Dada mmoja, fundi wa nguo na kiziwi tangu utotoni, alifika katika kitengo chetu cha teknolojia saidizi hapa Nairobi akiwa amechoka. Alikuwa akifungua akaunti ya kuuzia nguo mtandaoni, na nambari ya uthibitisho ikaja kwa kupigiwa simu. Simu ikatetemeka, akapokea, akatazama sekunde zikihesabika kwenye kioo, ikakatika. Mara tatu. Ya nne akamwita mtoto wa jirani amsikilizie. Nambari ya siri ya biashara yake ikapita kwanza kwa mtoto wa jirani.

Sina ugomvi na sauti. Kwa asiyeona, au aliyepooza mikono, kuamrisha simu kwa mdomo ni ukombozi mkubwa. Kosa ni kuifanya sauti kuwa mlango pekee.

Watu wengi hudhani shida ya kiziwi ni kutosikia jibu tu. Kuna ya pili: hata akisema, mashine haimwelewi. Programu za kuamrishwa kwa sauti hufundishwa kwa maelfu ya saa za rekodi za watu wanaosikia. Asiyewahi kusikia sauti yake mwenyewe hutamka kwa mkazo na kiimbo tofauti, na mashine haikuzoeshwa hivyo. Tulimwomba dada yule aiamuru spika ya kuamrishwa kwa sauti iwashe taa. Mimi nilimwelewa vizuri. Mwanga wa bluu ukazunguka juu ya kifaa, ukazimika. Akaniuliza kwa ishara: imekubali au imekataa? Kifaa kilikuwa kimemjibu, kwa sauti, kwamba hakikuelewa.

Wenye usikivu hafifu nao wana yao. Uzee kwa kawaida huondoa kwanza sauti nyembamba, zile za s, t na f. Sasa msomee mzee wa namna hiyo nambari yenye "sita" na "tisa" upesi upesi, kwa sauti ya mashine, uone kama ataziandika sawa. Kumruhusu apunguze kasi, achague sauti nzito na arudie kusikiliza ni kazi ndogo kwa mtengenezaji.

Njia mbadala zipo. Siri, msaidizi wa sauti wa simu za Apple, hupokea maandishi tangu 2017. Alexa, msaidizi wa sauti wa Amazon, katika vifaa vyenye skrini ilianza kuamrishwa kwa kugusa mwaka 2018. Live Transcribe ya Google, iliyotoka 2019 kwa ushirikiano na Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi cha Marekani, hugeuza maneno kuwa maandishi papo hapo, Kiswahili kikiwemo. Inasaidia sana mkiwa wawili mezani. Stejini, matatu ikipiga muziki na makanga wakiita abiria, usiitegemee.

Lakini maandishi hayatoshi, na hapa nawasihi watengenezaji wanisikilize. Lugha ya Ishara ya Kenya si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Ni lugha kamili yenye sarufi yake, na kwa viziwi wengi ndiyo lugha ya kwanza; Kiswahili na Kiingereza cha kuandika huja baadaye, tena kwa taabu. Katiba ya 2010 inaitaja katika kifungu cha 7, kifungu cha 54 kinataja haki ya kutumia lugha ya ishara, na kifungu cha 120 kinaifanya lugha rasmi ya Bunge. Kamera iliyofundishwa ishara za Marekani haitaisoma. Hata iliyofundishwa za Kenya itakosea ikitazama vidole pekee, maana nyusi na mdomo pia ni sarufi. Rekodi za kuifundishia bado ni chache, na zikusanywe kwa kuwalipa viziwi wenyewe.

Tulipomuuliza dada yule angebadilisha nini, alichukua chaki yake ya kukatia nguo akachora kifaa kile mezani: mwanga wa kijani kikielewa, mwekundu na mtetemo kikishindwa, na kitufe cha kuandika pembeni. Kuhusu ile nambari ya uthibitisho hakuchora kitu. Alionyesha tu kisanduku cha ujumbe mfupi kwenye simu yake.