Kwa nini mpira feki huyumba hewani, na je, una faida kuununua?

Pita kwenye maduka ya vifaa vya michezo mjini Mtwara au Lindi utaikuta mipira imening'inizwa kwenye nyavu zake juu ya mlango, mingi ikiwa na nembo ya kampuni kubwa ya Ulaya na maandishi ya Kombe la Dunia. Bei yake anaimudu hata nahodha wa timu ya mtaa aliyechangisha wenzake mia tano mia tano. Jumamosi jioni inapigwa faulo: mpira unatoka mguuni ukielekea kulia, unakata kushoto, kisha unadondoka ghafla mbele ya kipa. Watu wanashangilia ufundi wa mpigaji. Mara nyingi mpigaji mwenyewe hakukusudia hata nusu ya kona zile. Mpira ndio ulioamua.

Tuanzie ndani, maana huko ndiko pesa inakobanwa. Mpira wa miguu una bladda inayoshika upepo, una kitambaa kilichogandishwa juu yake, halafu ndiyo ngozi ya nje tunayoiona. Mtengenezaji wa feki hawezi kubana sana kwenye ngozi ya nje, kwa sababu ndiyo inayouza. Anabana kwenye kitambaa. Mpira mzuri huwa na tabaka kadhaa za kitambaa cha polista au pamba, zimegandishwa kwa kupishana ili bladda isivimbe upande mmoja. Feki inaweza kuwa na tabaka moja jepesi, au sponji tu. Siku za mwanzo huoni tofauti. Baada ya wiki chache za mazoezi kitambaa kinalegea pale kilipo dhaifu, na mpira unaanza kuchukua umbo la papai. Hapo uzito haukai tena katikati. Ukiuviringisha sakafuni unakwenda ukipindapinda, na ukiupiga juu unatikisika.

Sababu ya pili iko hewani. Hewa inayopita juu ya mpira ikivurugwa kidogo na mishono, hung'ang'ania mgongo wa mpira kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuachana nao, na mpira unasafiri kwa njia inayotabirika. Mpira ukiwa laini mno, hewa huachana nao mapema, tena bila usawa: upande huu inaachia, upande ule bado imeshika. Ukipigwa bila kuzunguka, mpira unasukumwa mara huku, mara kule. Hili halikuanzia kwenye feki. Jabulani, mpira rasmi wa Kombe la Dunia la 2010 kule Afrika Kusini, ulikuwa na vipande 8 tu vya ngozi ya nje na ukalalamikiwa sana na makipa kwa kuyumba. Mwaka 2014 Brazuca ukaja na vipande 6, pungufu zaidi, lakini mishono yake ilikuwa mirefu na yenye kina kuliko ya Jabulani, na ukatulia. Kwa hiyo hesabu ya vipande peke yake haisemi kitu. Kinachotakiwa ni mishono yenye kina cha kutosha, iliyosambaa sawasawa. Mpira feki wa plastiki inayong'aa, wenye mishono ya mashine iliyo juu juu na mistari mingine iliyochorwa kwa rangi tu, unakosa hilo, na juu yake una lile umbo la papai.

Nembo ya jina kubwa haithibitishi chochote, kwa kuwa kuchapa nembo ni kazi rahisi kuliko zote kiwandani. Hata alama ya ubora ya FIFA huchapwa kwenye feki. Alama halali ni "FIFA Quality Pro", "FIFA Quality" na "FIFA Basic", na FIFA inaweka kwenye tovuti yake orodha ya mipira iliyopewa alama hizo, ambayo mtu anaweza kuiangalia kwa simu akiwa dukani. Kampuni kubwa zenyewe pia huuza matoleo ya bei ya chini yanayofanana kwa rangi na mpira wa mechi, yameshonwa kwa mashine, na ni halali kabisa. Kwa hiyo bei ya chini peke yake si ushahidi wa ufeki, na mwenye duka anayekuuzia si lazima awe tapeli. Mara nyingi naye ameletewa mzigo hivyo hivyo.

Basi upime mpira wenyewe. Kanuni za soka zinataka mpira wa saizi 5 uwe na mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450 mchezo unapoanza. Mita ya fundi cherehani inatosha kwa la kwanza. Usipime sehemu moja: zungusha mita kupitia kwenye valvu, yaani pale sindano ya pampu inapoingia, kisha kwa kukingama, kisha mshazari. Vipimo vikiachana kwa zaidi ya sentimita moja, mpira si wa duara, na hakuna pampu itakayourekebisha. Uzito utaupata kwenye mizani ya kidijitali ya duka lolote la vyakula. Mpira wa gramu 350 ni wa watoto hata kama umeandikwa 5, na upepo wa baharini pale ufukwe wa Shangani, Mtwara, utauchukua.

Jipimie na mdundo. Maabara za FIFA hudondosha mpira kutoka mita 2 kwenye bamba la chuma, na ule wa daraja la juu lazima urudi kati ya sentimita 135 na 155. Weka alama ukutani, tumia sakafu ya saruji, mtu mmoja arekodi kwa simu. Hutapata namba za maabara, ila utaona jambo muhimu zaidi: je, mpira unarudi kimo kilekile kila unapoudondosha kwa upande tofauti? Ukirudi juu mara hii na chini mara ile, ndani kuna sehemu zisizolingana.

Halafu ujaze upepo vizuri na uuache kivulini siku tatu. Mpira wa daraja la juu hauruhusiwi kupoteza zaidi ya asilimia 20 ya upepo wake kwa saa 72. Hapa kuna mtego mmoja. Bladda ya mpira wa asili, ile ya lateksi, hupoteza upepo haraka hata kwenye mipira ghali, lakini ina mguso mlaini. Bladda ya butili, aina ileile ya mpira inayotumika kwenye tyubu za magari, hushika upepo kwa wiki kadhaa. Kwa timu yenye pampu moja inayozunguka vijiji vitatu, butili ndiyo yenye maana.

Sasa, ununue au usinunue? Mimi nasema feki yenye jina kubwa usinunue kabisa, kwa sababu sehemu ya pesa yako imelipia jina ambalo halimo ndani. Kwa bei hiyohiyo, au juu yake kidogo, hupatikana mpira wa kampuni isiyojulikana sana, wenye vipande 32 vilivyoshonwa kwa mkono. Mingi ya aina hiyo hutoka Sialkot, mji wa Pakistani ambao umeshona mipira ya dunia kwa miongo mingi. Binya mshono kwa vidole gumba viwili kama unataka kuufungua. Wa mkono ulioshonwa vizuri haufunguki wala hauonyeshi uzi mrefu. Wa mashine uliolegea utauona ukiachama.

Na usikimbilie ngozi laini. Viwanja vyetu vya Masasi, Newala na pembezoni mwa Lindi ni vumbi, changarawe na mizizi, na pembeni kuna michongoma. Ngozi laini ya plastiki ya poliurethani ina mguso mzuri kwenye nyasi za viwanja vya Ilulu au Nangwanda Sijaona, lakini changarawe huichubua upesi. Plastiki ya PVC nene ni ngumu kidogo mguuni ila inavumilia. Kwa mazoezi ya kila siku nachagua PVC nene yenye bladda ya butili na mshono wa mkono, na timu ikipata fedha msimu wa korosho, inunue mpira mmoja bora wa siku ya mechi.

Ninaowaombea zaidi ni watoto. Kijana wa Mikindani anayetamani siku moja kuichezea timu ya Namungo pale Ruangwa anajifunza kutuliza mpira kwa kuurudia mguso uleule mara elfu nyingi. Mpira unaodunda kwa kimo tofauti kila mara unamfundisha kuogopa, na mguu wake unazoea kuvizia badala ya kupokea. Wa chini ya miaka 12 apewe saizi 4 ya duara kamili, hata isiyo na jina, kuliko saizi 5 feki inayonyonya maji masika na kumwangukia kichwani ikiwa nzito.

Ukishaupata mpira mzuri, usiuache juani. Mpira uliojazwa asubuhi kukiwa na nyuzi 25 ukifika nyuzi 50 juani, mgandamizo wa upepo unaosukuma mishono hupanda kwa karibu moja ya tano. Na sindano ya pampu ilowanishe kwanza kwa maji au tone la mafuta ya silikoni, maana sindano kavu huchana valvu, na mpira uliochanika valvu hata uwe halisi hauna fundi.