Mukti hakuwa kabaila

Nasahihisha insha za usultani wa Delhi, kaskazini mwa India (1206–1526), na katika rundo moja nimekuta sentensi hii mara 14: "Sultani aliwagawia makamanda ardhi, nao wakawa makabaila." Nimechoka nayo. Leo tuimalize.

Aliyepewa ikta, yaani mukti, hakupewa ardhi. Alipewa kodi ya ardhi. Mkulima alibaki shambani kwake; mukti alikusanya kodi, akatoa humo mishahara ya askari wake na gharama za kuendesha mkoa, na kilichobaki kilitakiwa kifike hazina. Makarani wa diwani (ofisi) ya waziri walimkagua mahesabu, na sultani aliweza kumwondoa au kumhamishia kwingine. Hebu niambieni, ni kabaila gani anayehamishwa kama mkuu wa wilaya?

Alauddin Khalji (1296–1316) alikaza zaidi. Eneo kubwa la rutuba kati ya mito ya Ganges na Yamuna aliliweka moja kwa moja chini ya hazina, akatoza nusu ya mavuno, na askari akawalipa taslimu. Farasi walipigwa chapa na wajihi wa kila askari ukaandikwa daftarini, maana makamanda walikuwa na mchezo wa kuleta farasi wa kuazima siku ya ukaguzi. Askari hewa hawakuanza leo. Na kwa kuwa mshahara wenyewe haukuwa mnono, akapanga bei sokoni ili utoshe: mwanahistoria Ziauddin Barani anataja ngano kwa jitali 7.5 (sarafu ndogo) kwa mani, kipimo cha uzito.

Kweli, chini ya Firuz Shah Tughluq (1351–1388) vyeo na ikta vilianza kurithiwa na watoto. Mwanafunzi akitaja ukabaila hapo, tutajadiliana. Akiutaja kwa Iltutmish, sultani wa mwanzoni (1211–1236), sifuri. Ushauri wangu ni uleule wa kila muhula: kabla hujaandika "kabaila", uliza askari analipwa kutoka fungu gani, na bosi wake anaweza kufukuzwa na nani.

Makosa mengine ya insha ni madogo. "Walitawala kwa sharia ya Kiislamu tupu." Makadhi walikuwepo, tena Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipewa ukadhi Delhi na sultani Muhammad bin Tughluq ingawa alikuwa wa madhehebu ya Maliki kati ya watu wa madhehebu ya Hanafi na lugha ya watu haijui, akawekewa manaibu wawili. Lakini bei, chapa za farasi na daftari za askari zilikuwa kanuni za sultani mwenyewe.

"Delhi haikujua ya mbali." Huyohuyo Ibn Battuta anaeleza matarishi wa miguu, vituo vitatu kwa kila maili. Tarishi anashika barua mkono mmoja, mkono wa pili fimbo ya dhiraa mbili yenye njuga za shaba kileleni, anatimua mbio. Wa kituo cha mbele akisikia njuga anajifunga kibwebwe, anapokea barua, naye huyo. Kutoka Sind, jimbo la magharibi, hadi Delhi ilikuwa safari ya siku 50. Habari ilimfikia sultani kwa siku 5. Walibeba hata matunda ya Khurasan, nchi ya upande wa Uajemi, na sultani akiwa Daulatabad, mji wa mbali kusini, maji yake ya kunywa kutoka Ganges.