Bandari si stoo ya shangazi yako

Wiki hii mimi, wakala wa kutoa mizigo bandarini, nimeambiwa tena na mteja, na huyu ni wa tatu kutoka soko la Kibuye pekee, hapa Kisumu: "Si mzigo umeshafika Mombasa? Wacha ukae, nitaulipia nikimaliza kuuza huu nilio nao." Ndugu yangu, mzigo ulioko Mombasa haujafika popote. Umeanza tu kula pesa.

Saa zinazokuhesabia ni mbili, na wateja wangu huzichanganya kila siku. Ya kwanza ni ya bandari: unapewa siku chache za bure, kisha unatozwa ada ya kuhifadhi, na kiwango hupanda kadiri unavyokawia. Ya pili ni ya kampuni ya meli, maana kontena si lako, umeliazima. Ada ya kulichelewesha ndiyo dimareji, na mara nyingi huja kwa dola. Lori likitoka getini, saa ya bandari inasimama. Ya meli inaendelea mpaka kontena tupu lirudi kwenye yadi waliyokutajia, aghalabu huko huko Mombasa, zaidi ya kilomita 800 kutoka kwetu. Ukiliacha nyuma ya duka Kondele huku vigae vikiuzwa boksi moja moja, umekodi kibanda cha bati kwa dola. Nimeona dimareji ikimeza faida yote ya mtu, kisha lawama zikaniangukia mimi wakala.

Nitauimba wimbo huu hadi nistaafu: nitumie hati ya shehena (bill of lading) meli ikiwa bado baharini. Karatasi za forodha huanza kushughulikiwa kabla meli haijatia nanga. Ukinipigia simu siku ya kumi tangu mzigo ushushwe, mimi si mganga.

Lingine: "Meli ya China si ije moja kwa moja Kisumu?" Ipitie wapi? Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na maji yake hutoka kupitia Jinja, Uganda, kwenye mabwawa ya umeme. Bandari ya Kisumu ni ya ziwani. Meli yake MV Uhuru, ya tangu miaka ya 1960, hubeba mabehewa ya treni hadi Port Bell, Uganda.

Na kwa mnaosema mizigo ya Uganda hupita hapa kwetu bila ushuru: hapana. Tangu 2014, chini ya Himaya Moja ya Forodha, mpango wa pamoja wa nchi za Afrika Mashariki, kwa kawaida Uganda hulipwa kodi yake kabla lori halijaondoka Mombasa. Malori hayo mnayoyalaani barabarani ndiyo yanayonunua chai na chapati kuanzia Burnt Forest hadi mpakani Malaba.