Yai la mviringo si mtetea

Naomba tulimalize jambo hili la kutabiri jinsia ya kifaranga kwa umbo la yai. Mfugaji anashika mayai mawili, moja lina ncha kama limechongwa, jingine limejaa kama mpira. Anatamka bila kusita: hili jogoo, hili mtetea. Kisha anachagua ya mviringo tu, anamwekea kuku anayeatamia, anasubiri majike matupu. Siku ya 21 wanatoka nusu kwa nusu, naye ana utetezi tayari: labda baadhi yalikuwa na ncha kidogo.

Hakuna kitu hicho. Wala si suala la dalili dhaifu inayohitaji jicho zuri. Utaratibu wa mwili wa kuku hauachi nafasi kwa jambo hilo.

Kwa ndege, anayeamua jinsia ni mama. Jogoo ana kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) mbili za Z, kwa hiyo kila mbegu yake imebeba Z na hana cha kuchagua. Mtetea ana Z na W. Kiini kinapokaribia kuachiwa kutoka kwenye ovari, zikiwa zimesalia saa chache tu, hizo mbili hutengana na moja hubaki. Ikibaki Z atakuwa jogoo, ikibaki W atakuwa jike. Wakati huo hakuna ute, hakuna utando, hakuna ganda. Ndipo kiini kinaingia kwenye mrija wa mayai, kinavikwa ute kwa takriban saa 3, kinavikwa utando kwa saa moja na ushei, kisha kinakaa kama saa 20 kikijengewa ganda. Umbo la yai linatokana na ule utando na mbano wa mrija, yaani linakuja baada ya shauri la jinsia kufungwa. Kusoma jinsia kwenye ncha ni sawa na kutazama mshono wa gunia ukataja rangi ya nafaka iliyomo.

Hapo hapo tumalizane na imani nyingine ndugu zake. "Jogoo wangu anazaa majogoo tu": mnamwonea, yeye hutoa Z kwa wote. "Punguza joto la mashine ya kutotolesha upate majike": jinsia ilishapita, joto baya litaua viinitete tu, halitageuza hata kimoja. Pete inayoning'inizwa kwa uzi juu ya yai, eti itaje jinsia, huzungushwa na mkono wa aliyeishika.

Mbona basi watu wazima, wafugaji wa miaka mingi, wanaapa kwamba njia ya ncha inafanya kazi? Kwa sababu ya hesabu ndogo. Chukua vifaranga 10 waliototolewa bila kuchagua chochote. Uwezekano wa kupata jike 6 au zaidi ni kama 38 kati ya 100. Jike 7 au zaidi ni 17 kati ya 100. Kwa hiyo mtu akiweka mayai 10 ya mviringo mara tatu nne, kuna nafasi nzuri kwamba walau mara moja atapata matokeo ya kusimulia. Hiyo moja itasimuliwa miaka kumi. Ile iliyotoa jike 4 haitajwi mahali popote.

Ningeyaacha yote haya kama burudani, ila yana hasara, na hasara yenyewe ndiyo inayoniudhi. Umbo la yai halisemi jinsia ya kifaranga, lakini linasema vizuri sana jina la mama yake. Kila mtetea ana umbo lake na habadiliki sana: huyu hutaga marefu, yule ya kujaa, mwingine yana kijivimbe upande mmoja kila mara. Ukiwa na mitetea 6 bandani na ukachagua ya mviringo tu, hukuchagua majike. Umechagua watoto wa kuku mmoja au wawili. Jogoo ni mmoja, kwa hiyo vifaranga wote ni ndugu wa baba mmoja na wengi wao ni wa mama mmoja. Mwakani unabakiza majike hao na kaka yao, ndugu wanazaana. Baada ya mizunguko michache mayai yanaanza kugoma kuanguliwa, vifaranga wanafia ndani ya ganda wiki ya mwisho, wanaotoka wanadumaa, halafu lawama anatupiwa muuza chakula.

Kuna la pili. Yai la mviringo kabisa mara nyingi huwezi kujua upande butu uko wapi, na upande butu ndiko kwenye chumba cha hewa. Kwenye mashine ya trei yai hukaa ncha chini, butu juu. Ukiliweka kinyume, kifaranga huelekea kugeuza kichwa upande usio na hewa, na wengi wa namna hiyo hawatoki. Kwa hiyo mliochagua "majike" mmechagua pia vifo. Mulika kwa tochi kabla ya kupanga. Usipoona chumba cha hewa kiko wapi, yai hilo si la kutotolesha.

Tumieni basi umbo kwa kazi yake halisi, kujua nani kataga lipi. Kwenye kundi dogo hili ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kila kuku avae pete ya mguuni yenye rangi au namba. (Vifaranga wabadilishiwe pete kadiri mguu unavyonenepa, pete iliyosahauliwa huzama kwenye nyama.) Kisha mtenge mtetea mmoja siku mbili tatu uone yai lake, au mpake rangi ya mdomo kidogo pembeni ya tundu la nyuma jioni; kesho yai lake litakuwa na mchirizi. Ukishayajua mayai yake, andika kwa penseli, si kwa kalamu ya wino: namba ya mama na tarehe. Weka mayai ya mama wengi kwa kadiri unavyoweza, usizidishe siku 7 kwenye hifadhi, mahali pa baridi ya nyuzi 15 hadi 18, na usiyaoshe.

Sasa, anayetaka kweli kujua jinsia siku ya kwanza. Njia ipo, lakini haianzii kwenye yai. Inaanzia kwa wazazi, na wazazi wenyewe lazima wapangwe upande sahihi.

Kanuni ni moja: binti hupata Z yake kwa baba tu, kwa mama hupata W. Mtoto wa kiume hupata Z kwa wote wawili. Kwa hiyo rangi inayokaa kwenye Z na inayotawala (huonekana hata ikirithiwa kwa mzazi mmoja), ikiwa kwa mama peke yake, itaonekana kwa wana wake wa kiume tu. Mpandishe jogoo wa Rhode Island Red (aina nyekundu) kwa mtetea wa Light Sussex (mweupe mwenye shingo na mkia mweusi): vifaranga wa kiume wanatoka manjano iliyopauka, wa kike hudhurungi nyekundu. Mpandishe jogoo huyo huyo kwa mtetea wa Plymouth Rock wa mistari: wote weusi, ila wa kiume ana doa jeupe utosini na wa kike hana.

Geuza, jogoo awe wa mistari na mtetea awe mwekundu, na umeharibu kila kitu. Baba anawapa wote mistari, kike kwa kiume, wote wana doa. Sijui niliseme hili mara ngapi. Si "aina hizi mbili zikikutana". Ni nani baba, nani mama.

Tena mchezo huu unachezwa mara moja. Ukichukua vifaranga hao, ukawakuza na kuwapandisha wao kwa wao, rangi zinasambaa: kwenye ule uzao wa Light Sussex, nusu ya wana wa kiume watapauka na nusu watakuwa wekundu, na wa kike vivyo hivyo. Rangi haisemi tena lolote. Kila mwaka unarudi kwa wazazi wa asili.

Na kabla hujakimbilia mtetea wako wa mistari, hakikisha ni mistari ipi. Kuku wa nyumbani waliochanganyika wana mistari ya kila aina, na sehemu kubwa haikai kwenye Z. Kuku wa aina ya Campine ana mistari mizuri mno, na haikusaidii kitu hapa. Madoadoa ya kikanga nayo si mistari. Ile inayofaa hupita unyoya mzima kwa zamu, nyeusi na nyeupe, hadi chini karibu na ngozi, na kwa kawaida hupausha miguu. Hata hivyo kwa macho peke yake mimi hukosea, na simwamini anayesema hakosei. Kipimo cha kweli ni kumpandisha kwa jogoo mweusi au mwekundu asiye na mistari, usubiri wiki 5 au 6. Wakiota mistari wana wa kiume wote na wa kike hakuna, unaye. Mtetea mweupe wa Leghorn usijisumbue naye. Weupe wake hufunika rangi nyingine, tofauti kabisa na weupe wa Light Sussex.

Mbawa je? Ndiyo, kuna njia ya mbawa: manyoya makuu marefu kuliko yale yanayoyafunika ni jike, yakilingana ni dume. Inafanya kazi siku mbili za mwanzo, kwa vifaranga ambao baba yao ni wa kuota haraka na mama wa kuota polepole. Kwa kundi la mchanganyiko, ukifungua bawa unachosoma ni kasi ya kuota manyoya, basi. Kukagua tundu la nyuma, ufundi ulioenezwa na Wajapani miaka ya 1930, ni kazi ya watu waliofunzwa. Asiyefunzwa atakisia nusu kwa nusu na kupasua kiini tumboni mwa kifaranga juu yake.

Mwenye kundi lisilojulikana asili yake asubiri. Wiki ya 5 hadi ya 8 upanga wa kichwani wa pora (jogoo mchanga) unanenepa na kuwa mwekundu, wa jike unabaki mdogo wenye manjano. Wiki ya 10 hadi ya 12 tazama kiunoni: dume huota manyoya membamba, marefu, yenye ncha na mng'ao, jike yake ni ya duara mwishoni. (Hapo ncha inasema kweli, kama mliitaka sana.) Aina zenye upanga mdogo kama Brahma huchelewa, Silkie hutesa kila mtu, na jogoo wa Sebright huvaa manyoya ya jike maisha yake yote. Wiki ya 4 mimi hutabiri kama wengine, na hurekebisha daftari wiki ya 9.

Mengine kwa haraka. Jogoo mmoja kwa mitetea 8 hadi 10. Majogoo wawili bandani maana yake humjui baba, kwa hiyo futa habari zote za kupanga wazazi. Ukibadilisha jogoo, usikusanye mayai ya kutotolesha kabla ya wiki 3, nne kama unataka uhakika, kwa sababu mtetea huhifadhi mbegu za yule wa zamani kwenye vijifuko ndani ya mrija wake. Vifaranga wenye rangi ya jogoo uliyekwisha kumla ni wa mbegu hizo.