Linux mbili, /home moja? Hapana

Mtu mwenye distro (aina za Linux) mbili kwenye kompyuta moja ameniuliza tena kuhusu /home, folda inayobeba faili na mipangilio ya watumiaji: "Si nitumie /home moja kwa distro zote mbili? Jina la mtumiaji ni lile lile!" Jina halihusiki, jamani. Kerneli, yaani kiini cha Linux, haikujui kwa jina, inakujua kwa namba. Ulianza Debian ukapewa 1000. Kwenye Fedora ulitangulia kufungua akaunti ya kujaribia, hiyo ndiyo ikachukua 1000, wewe ukawa 1001. Ukiwa Fedora, piga ls -l (amri ya kuorodhesha faili na wenyewe) kwenye folda yako ya picha: mwenye mali anasomeka "jaribio". Mgeni nyumbani kwako!

Hilo amri ya usermod, inayobadilisha namba ya mtumiaji, inalimaliza. Kinachonichosha ni faili na folda zinazoanza na nukta, zinakokaa mipangilio ya programu: .config, .local na ndugu zao. Fedora inakuja na matoleo mapya, Debian stable inakaa na ya zamani. Programu mpya ikifunguka inabadilisha muundo wa data yake kimyakimya. Kesho yake ile ya zamani inakuta maandishi isiyoyaelewa. Firefox angalau ina adabu: tangu toleo la 67, profaili iliyokwisha kuguswa na toleo jipya inakataliwa na la zamani, na unaambiwa wazi. Nyingine hazisemi kitu. Nimewahi kuwasha KDE (mazingira ya eneo-kazi) nikakuta paneli tupu, hata saa haipo, nikapoteza jioni nzima nikilaumu kadi ya picha.

Kila distro iwe na /home yake ndani ya patisheni (sehemu ya diski) yake kuu. Tenga patisheni ya tatu ya data, kisha Documents, Pictures na Music ziwe viungo vya kwenda huko. Basi.

Nikiri, nilikaa miaka na /home moja bila kuumia. Distro zangu zilikuwa na matoleo yanayokaribiana. Ilikuwa bahati zaidi kuliko ufundi.

Mengine ni ya haraka. Patisheni ya EFI, zinakokaa faili za kuwashia mifumo, moja inatosha, kila distro inaweka folda yake, ila Ubuntu na Linux Mint zote zinaandika EFI/ubuntu, kwa hiyo ya mwisho inaifunika ya kwanza. Tangu toleo la 2.06 la GRUB (programu ya menyu ya kuwashia), os-prober, inayotafuta mifumo mingine kwenye diski, huja ikiwa imezimwa; kama distro ya pili haionekani kwenye menyu, weka GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false kwenye /etc/default/grub, halafu tengeneza menyu upya. Swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM) changieni, lakini msilaze mashine kwa hibernate, inayohifadhi yaliyomo kwenye RAM humo kwenye swap, mkawasha distro nyingine. Na kisakinishi kikiifomati swap hiyo, UUID (namba ya kuitambulisha) inabadilika: distro ya kwanza itakuweka dakika moja na nusu ukitazama skrini nyeusi, mpaka urekebishe /etc/fstab, orodha ya patisheni za kuunganishwa.