Elimu na Hofu Havitoshi: Dhana Potofu Kuhusu Modeli za Ukuzaji wa Afya katika Uuguzi

Katika kliniki ya shinikizo la damu kuna maneno ambayo wauguzi huyarudia kila wiki: "Mama, punguza chumvi, la sivyo utapooza." Mgonjwa huitikia, hurudisha kadi yake kwenye pochi na kuondoka. Mwezi unaofuata kipimo bado kiko juu, 170 kwa 100, na kwenye faili huandikwa: "Hafuati ushauri." Maneno hayo nimeyaandika mimi mwenyewe mara nyingi, na ilinibidi nizirudie nadharia za ukuzaji wa afya nilizokariri chuoni, yaani maelezo ya kwa nini watu hubadili au hawabadili tabia zao, ndipo nikatambua kwamba kosa halikuwa la mgonjwa peke yake.

Dhana iliyoenea zaidi miongoni mwa wanafunzi, na hata baadhi ya wauguzi wazoefu, ni kwamba nadharia hizi zilitungwa mezani kwa ajili ya mitihani. Ukweli ni kwamba nyingi zilizaliwa kutokana na swali gumu la kazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilipeleka magari yenye mashine za eksirei mitaani ili watu wapimwe kifua kikuu bila malipo, lakini wengi hawakujitokeza. Mwanasaikolojia Godfrey Hochbaum aliwahoji watu wazima zaidi ya 1,200 katika miji mitatu ili kujua sababu. Miongoni mwa walioamini kwamba wao wenyewe wanaweza kuugua, na pia kwamba kugundua ugonjwa mapema kuna faida, 82 kati ya kila 100 walikuwa wamekwisha kupiga eksirei kwa hiari. Miongoni mwa wasioamini lolote kati ya hayo mawili, ni 21 tu. Kutokana na kazi hiyo na ya wenzake ikakua Modeli ya Imani Kuhusu Afya. Hapa nisahihishe jambo linalokosewa mara kwa mara: modeli hiyo si ya wauguzi kwa asili yake, bali uuguzi uliiazima kutoka kwa wanasaikolojia wa jamii na kuifanyia kazi.

Dhana ya pili ndiyo inayotugharimu zaidi, nayo ni kwamba mtu akielezwa hatari na akaogopa vya kutosha, atabadilika. Hata Modeli ya Imani Kuhusu Afya, ambayo inaipa hatari nafasi kubwa, haisemi hivyo. Inataka pia tupime faida anazoziona mtu, vikwazo vinavyomzuia na jambo linalomsukuma kuchukua hatua, na mwaka 1988 iliongezewa kipengele cha imani ya mtu katika uwezo wake wa kulitenda jambo, wazo ambalo Albert Bandura alilieleza mwaka 1977. Nola Pender, muuguzi wa Marekani, alikwenda mbali zaidi. Katika Modeli ya Ukuzaji wa Afya aliyoitoa mwaka 1982 na kuirekebisha mwaka 1996, hakuifanya hofu ya ugonjwa kuwa kichocheo cha tabia, kwa kuwa alilenga kueleza namna mtu anavyojitahidi kuufikia uzima ulio bora, na si namna anavyoukimbia ugonjwa. Kwa hiyo wanaodai kwamba modeli hizi mbili ni kitu kimoja chenye majina mawili wanakosea katika kiini chake.

Pender anamtaka muuguzi aulize juu ya mazoea ya awali ya mtu, hali yake binafsi, faida na vikwazo anavyoviona, imani yake katika uwezo wake, hisia anazopata anapotenda jambo lenyewe, watu wanaomzunguka, na mazingira anamoishi. Siku moja niliamua kumuuliza hivyo mama mmoja ambaye faili lake lilijaa yale maneno yangu. Hatari za chumvi alizijua zote, na akanitajia moja baada ya nyingine kama somo la shuleni. Lakini hapiki yeye. Anapika mkwewe, kwa sufuria moja ya watu wanane, na mboga ya siku nyingi ni ng'onda, samaki waliokaushwa kwa chumvi. Kuomba apikiwe kando, alisema kwa sauti ya chini, ni sawa na kumwambia mke wa mwanawe kwamba hajui kupika, na nyumba ile imekaa kwa amani. Kikwazo chake kilikuwa heshima na utulivu wa familia, jambo ambalo onyo la kupooza haliwezi kuligusa. Tukakubaliana kwamba mkwe aje naye siku ya kliniki, ng'onda walowekwe na maji yale yamwagwe kabla ya kupika, na chumvi iongezwe mezani na anayeitaka, huku ndimu na pilipili vikisaidia ladha. Kwenye faili niliandika habari za sufuria na mkwe, ili muuguzi wa zamu nyingine naye ajue pa kuanzia.

Wapo pia wanaoamini kwamba Florence Nightingale, Mwingereza anayehesabiwa mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, alituachia upole na taa ya usiku tu. Kitabu chake cha mwaka 1859 kinasisitiza hewa safi, maji safi, mifereji ya kutoa maji machafu, usafi na mwanga, yaani mazingira kama sehemu ya tiba. Vilevile si kweli kwamba vifo katika Scutari, hospitali ya jeshi la Uingereza huko Uturuki wakati wa Vita vya Krimea, vilishuka mara tu alipofika Novemba 1854. Majira ya baridi yaliyofuata yalikuwa mabaya kupindukia, na vifo vilipungua sana baada ya tume ya usafi kufika Machi 1855, ikasafisha mifereji na kuboresha uingizaji wa hewa. Yeye mwenyewe baadaye alizitumia takwimu za vifo kudai mageuzi, na kwangu hilo ni kubwa kuliko taa.

Dorothea Orem, muuguzi wa Marekani aliyetunga nadharia ya kujihudumia, naye husingiziwa kwamba alitaka mgonjwa aachwe ajihudumie. Alichofundisha ni kupima upungufu wa uwezo wa mtu kujihudumia, kisha muuguzi amfanyie yote, amfanyie sehemu, au amwelimishe na kumtegemeza, kulingana na upungufu huo.

Dhana ya mwisho ninayoikuta hata kwa viongozi ni kwamba ukuzaji wa afya ni suala la utashi wa mtu binafsi, na muuguzi anayezungumzia maji au vyoo ameingilia siasa. Mkataba wa Ottawa wa Novemba 1986, tamko la kimataifa kuhusu ukuzaji wa afya, ulitaja maeneo matano ya kazi: sera za umma zinazojali afya, mazingira wezeshi, nguvu ya jamii, stadi za mtu binafsi, na kuzielekeza upya huduma za afya. Stadi binafsi ni moja tu kati ya hayo matano. Tanzania ilikwisha kulionja jambo hili kabla, kwani katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio, wakasoma na kujadili pamoja, kisha wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Hakuna anayeweza kufundisha kunawa mikono kwa dhati mbele ya bomba lisilotoa maji, na muuguzi anayesimama katika mkutano wa kijiji kuomba bomba la zahanati litengenezwe yumo ndani ya kazi yake kwa ukamilifu, sawa na anapochoma sindano.