Umri wa bibi harusi: tunayodhani na yaliyoandikwa

Anayetaka kuona siasa za kihafidhina zinavyofanya kazi ndani ya sheria asiende mbali. Afungue Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 13: mwanamume aoe akiwa na miaka 18, mwanamke aolewe akiwa na 15. Ubishi wa vijiweni kuhusu kifungu hiki umejaa uongo, tena kwa pande zote mbili.

"Sheria nzima ilitungwa kumkandamiza mwanamke."

Siyo. Kwa wakati wake ilikuwa mbele ya majirani. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliitumia sheria hiyohiyo kutambua kazi za nyumbani kuwa mchango wa mke katika mali ya ndoa. Wakenya walisubiri sheria yao moja ya ndoa hadi 2014, na hata hapo wabunge wanaume waliondoa sharti la mke kukubali kabla mume hajaongeza mwingine. Wabunge wanawake walitoka ukumbini kwa hasira.

"Miaka 15 ni amri ya dini."

Kifungu hakitaji dini yoyote. Kinamhusu Mkristo, Mwislamu na anayefunga ndoa ya kimila. Isitoshe, sheria zetu zinasema kanuni za kimila na za Kiislamu hazitumiki katika jambo ambalo Sheria ya Ndoa imeshaliwekea utaratibu. Wanaoilaumu dini na wanaojificha nyuma yake, wote wamekosea mlango.

"Kinamlinda binti akipata mimba."

Serikali yenyewe iliitetea hoja hii mahakamani, ikashindwa. Cha kushangaza ni kwamba tangu 2016 Sheria ya Elimu inamfunga miaka 30 anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari. Kwa hiyo binti wa miaka 16 akiwa shuleni, kumwoa ni jela. Akiacha shule, baba akiridhia, ni harusi halali. Kinachomlinda ni sare, si umri. Na binti anayeacha shule mara nyingi ndiye maskini kuliko wenzake.

"Si mahakama ilishafuta?"

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Julai 2016 Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alishinda Mahakama Kuu: kifungu cha 13 na cha 17, kinachohusu ridhaa ya mzazi, vilionekana kupingana na Katiba. Lakini Ibara ya 30(5) inairuhusu mahakama kuipa Serikali muda wa kurekebisha badala ya kufuta papo hapo, na muda uliotolewa ulikuwa mwaka mmoja. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mwaka mwingine ukapita, vifungu vikiwa palepale.

Kalamu ya kubadili sheria iko Bungeni, na huko mhafidhina hana haja ya kushinda hoja. Akisema tu "tukusanye kwanza maoni ya wadau", kauli ya kistaarabu isiyopingika, muswada unasubiri. Binti aliyekuwa na miaka 15 siku ya hukumu ya kwanza alikuwa ametimiza 18 rufaa ilipoamuliwa.